Kijana, Kamera na Askari wa Stesheni: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Picha za Treni Uingereza

Kila baada ya wiki chache napokea simu ya namna moja. Mtoto anapenda treni. Jumamosi amekwenda stesheni na kamera yake, askari wamemsimamisha, amerudi nyumbani hasemi na mtu, na kadi ya kamera ni tupu. Mzazi anauliza: tufanyeje?

Nikimdadisi kijana taratibu, kosa huwa ni lilelile. Hakujua yuko katika hali gani. Askari alikuwa anamuuliza maswali tu, yeye akadhani ameshakamatwa, akafungua begi, akafuta picha. Mwingine alikuwa anapekuliwa kisheria, akadhani ni mazungumzo, akageuka aende zake, na jambo dogo likawa kubwa.

Mwongozo huu unahusu England na Wales tu, kwa sababu Scotland na Ireland Kaskazini zina taratibu zao. Nimemwandikia kijana wa miaka 13 hadi 17. Mzazi, usome naye, na sehemu yako iko mbele. Lugha si tatizo, maana watoto hawa Kiingereza wanakijua kutushinda. Wasichokijua ni cha kuuliza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Kamera au simu iliyochajiwa, na kadi ya pili ya kumbukumbu iliyo tupu.
- Daftari la namba za treni. Ukiwa umeandika tarehe, saa na namba za injini ulizoziona, daftari hilo linakueleza haraka kuliko maneno yako.
- Orodha ya treni unazozisubiri, uliyoitoa kwenye tovuti kama Realtime Trains. Ichapishe au iandike kwa mkono.
- Tiketi halali, au ruhusa ya mfanyakazi wa getini ya kuingia jukwaani.
- Kalamu inayoandika. Utaihitaji katika Hatua ya 5.
- Namba ya simu ya mzazi iliyoandikwa kwenye karatasi. Simu inaweza kuzima chaji au kuchukuliwa.
- Nguo za kawaida. Usivae koti wala kizibao cha reflekta kama cha mafundi wa reli. Dereva akikuona umekivaa anaweza kukudhania mfanyakazi.

Kitambulisho si lazima. Hakuna sheria ya Uingereza inayomtaka mtu atembee nacho. Kadi ya shule au ya basi inasaidia kumaliza mazungumzo mapema, na uamuzi wa kuionyesha ni wako.

## Hatua ya 1: Jua stesheni ni ya nani

Network Rail, shirika la serikali lenye reli zenyewe, inasimamia moja kwa moja stesheni kubwa 20 hivi, kama King's Cross, Euston, Paddington, Leeds, Manchester Piccadilly na Birmingham New Street. Zilizobaki, nyingi sana, zinaendeshwa na kampuni za treni. York na Doncaster, kwa mfano, ziko chini ya LNER, na Crewe chini ya Avanti West Coast.

Ni muhimu kwa sababu stesheni si barabara ya umma. Ni mali yenye mwenyewe, na mwenyewe ana masharti. Network Rail imechapisha mwongozo unaoruhusu wapenzi wa treni kupiga picha za kujifurahisha. Kampuni nyingi zinafuata mtindo huohuo. Fungua tovuti ya mwenye stesheni, tafuta ukurasa wa wapiga picha, uuhifadhi kwenye simu kama picha ili uusome hata mtandao ukikatika.

Tahadhari: usipige picha za kuuza. Ruhusa hii ni ya kujifurahisha tu. Biashara inahitaji kibali.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumtajia mtu yeyote jina la msimamizi wa stesheni na kumwonyesha ukurasa wa ruhusa.

## Hatua ya 2: Jitambulishe kwa wafanyakazi ukifika

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nayo peke yake inazuia nusu ya matatizo.

Nenda kwenye dawati la maelezo au kwa mfanyakazi wa getini. Sema jina lako la kwanza, kwamba umekuja kupiga picha za treni, utakuwa jukwaa namba fulani mpaka saa fulani. Ukiondoka, waage.

Sababu ni hii: askari wengi hawaji kwako kwa kukuona wao wenyewe. Wameitwa. Tangu 2016 abiria wanahimizwa kwa matangazo ya kila dakika chache watoe taarifa wakiona kitu kisicho cha kawaida, na namba ya ujumbe mfupi, 61016, imebandikwa kwenye mabehewa. Abiria anamwona kijana mwenye kofia ya jaketi amesimama saa mbili mwisho wa jukwaa bila kupanda treni. Anatuma ujumbe. Askari akifika, mtu wa kwanza anayemuuliza ni mfanyakazi wa stesheni. Mfanyakazi akijibu "namjua, alikuja kutuarifu asubuhi," mara nyingi mambo yanaishia hapo.

Na nitasema wazi kwa vijana wetu. Takwimu za serikali za mwaka ulioishia Machi 2023 zinaonyesha mtu mweusi England na Wales alisimamishwa na kupekuliwa mara 4 hivi zaidi ya mtu mweupe. Kijana mweusi mwenye lenzi ndefu haanzii pale anapoanzia mzee mwenye nywele nyeupe na chupa ya chai, ingawa wote wawili wanasubiri treni moja. Si haki. Ndiyo maana nasisitiza hatua hii kwenu kuliko kwa wengine.

Umefaulu ikiwa: kuna mfanyakazi mmoja anayejua uko wapi, nawe umeandika saa uliyoongea naye.

## Hatua ya 3: Simama mahali pasipo na ubishi

Kaa nyuma ya mstari wa manjano muda wote, pamoja na begi na miguu ya stendi ya kamera. Stesheni yenye watu wengi wanaweza kukukataza stendi kabisa. Wakikataza, ikunje.

Zima flashi. Inamvuruga dereva na mfanyakazi anayeruhusu treni kuondoka. Izime kabla hujaingia, kwa sababu simu nyingi zinaiwasha zenyewe gizani.

Usishuke kwenye mteremko wa mwisho wa jukwaa, wala usipite lango lenye kibao cha kukataza. Kuingia kwenye reli ni kosa lenye faini ya hadi pauni 1,000, na faini ndiyo hasara ndogo. Nyaya za juu zina volti 25,000, na umeme huo unaruka hewani bila wewe kuugusa waya, kwa hiyo fimbo ya selfi usiiinue. Kusini mwa England reli ya tatu iliyo chini ina volti 750, na haina dalili yoyote kwamba ina umeme.

Usipige picha za kamera za ulinzi, vyumba vya ulinzi, wala watu wanaokaguliwa. Hili ndilo linalobadilisha mpenzi wa treni kuwa mtu wa kutiliwa shaka, na mwongozo wa Network Rail unakataza kwa maneno kupiga picha za vifaa vya ulinzi.

Tahadhari ya St Pancras: eneo la ukaguzi wa treni za kwenda Ufaransa lina sheria za mpakani. Huko askari anaweza kukuhoji bila kukushuku lolote, na kukataa kujibu ni kosa. Piga picha upande wa treni za ndani.

Umefaulu ikiwa: mtu akiangalia rekodi ya kamera za stesheni kuanzia ulipoingia, haoni hata mara moja ulipovuka mstari.

## Hatua ya 4: Akija askari, jua kwanza uko katika hali gani

Kwenye reli utakutana zaidi na British Transport Police, polisi wa usafiri. Wana mamlaka kamili ya kipolisi kama askari wengine. Walinzi wa kampuni binafsi ni tofauti: wanaweza kukutaka uondoke, lakini hawana mamlaka ya kukupekua bila ridhaa yako, kutazama picha zako wala kukuamuru uzifute.

Hali ni tatu tu: mazungumzo, upekuzi, kukamatwa. Kila moja ina kanuni zake, na ukizichanganya ndipo unapoumia.

Shusha kamera ining'inie shingoni. Toa mikono mifukoni. Salimia. Kisha eleza kwa sentensi moja: "Napiga picha za treni, ninasubiri ya mizigo ya saa nane na dakika kumi, na wafanyakazi wa stesheni wanajua niko hapa." Mwonyeshe daftari na orodha. Kwa askari muungwana, na wako wengi, inatosha. Wengine watakuuliza injini gani inakuja, na mtaagana vizuri.

Maswali yakiendelea, uliza kwa sauti ya kawaida: "Je, niko huru kuondoka?"

Jibu likiwa ndiyo, uko kwenye mazungumzo. Kisheria huwajibiki kujibu jina lako ni nani, unafanya nini au unaelekea wapi, na kunyamaza peke yake hakumpi askari sababu ya kukupekua wala kukukamata. Mimi hata hivyo nawashauri vijana wajibu swali la "unafanya nini", kwa sababu jibu ni zuri na halina madhara. Jina na anwani ni shauri lako.

Kuna pale ambapo jina na anwani ni lazima. Ukishukiwa kwa sababu ya msingi kwamba umevunja kanuni ndogo za reli, kwa mfano kuingia eneo lililokatazwa, lazima uvitoe. Vivyo hivyo ikiwa askari anaamini umefanya fujo ya kuwasumbua watu. Ndiyo maana Hatua ya 3 imekuja kabla ya hii: aliyebaki nyuma ya mstari wa manjano ana nafasi ya kuuliza "kwa kosa gani?"

Wakikutaka uondoke stesheni, ondoka. Hata kama wamekosea, jukwaani si mahali pa kushindana. Andika saa na namba ya askari iliyoandikwa begani mwake, utadai baadaye.

Umefaulu ikiwa: umejua, kwa maneno ya askari mwenyewe, kama uko huru au huko huru.

## Hatua ya 5: Ukipekuliwa

Akisema huko huru, au kwamba anakupekua, hali imebadilika. Usikimbie, usivute begi, usimsukume. Askari anayepekua kisheria anaruhusiwa kutumia nguvu ya kadiri, na ukimzuia unatengeneza kosa ambalo hukuwa nalo dakika moja iliyopita.

Kabla hajaanza anapaswa kukueleza mambo haya. Yasiposemwa, yaulize moja moja:

1. Kwamba umezuiliwa kwa ajili ya upekuzi.
2. Sheria anayotumia.
3. Sababu ya kukushuku, na kitu anachokitafuta.
4. Jina lake, au namba yake, na kituo chake cha polisi.
5. Haki yako ya kupata nakala ya rekodi ya upekuzi.
6. Kama hajavaa sare, kitambulisho chake cha kazi.

Andika majibu kwenye daftari. Mkono ukitetemeka, andika namba ya begani tu. Hiyo ndiyo ya kwanza.

Sasa kosa ambalo vijana wengi wanalifanya kwa adabu. Askari anasema kwa upole, "Hujali nikitupia jicho begini?" Mtoto aliyelelewa vizuri anajibu "hapana, tazama tu." Lakini kanuni zinazowaongoza askari, Kanuni A ya sheria ya mamlaka ya polisi iitwayo PACE ya mwaka 1984, zinasema askari asimpekue mtu, hata kwa ridhaa yake, pale ambapo hana mamlaka ya kisheria ya kupekua. Kwa hiyo jibu ni swali: "Unatumia sheria gani?" Akiwa nayo ataitaja. Asipokuwa nayo, begi linabaki limefungwa.

Kanuni hizohizo zinasema umri, rangi na sura ya mtu haviwezi kuwa sababu ya kumshuku, si vyenyewe wala vikiunganishwa. Kuwa na kamera si kosa.

Hadharani, katika upekuzi wa kawaida, anaweza kukutaka uvue koti, jaketi na glavu, basi. Upekuzi ufanyike hapohapo au karibu, na usizidi muda unaohitajika.

Tahadhari kuhusu vifungu vya zamani: bado kuna karatasi za ushauri zinazozunguka kwenye vikundi vya simu zikitaja kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya 2000, kilichoruhusu kupekua bila kushuku. Kifungu hicho ndicho kilichowatesa wapiga picha wengi, na kimekwisha. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikikosoa Januari 2010 katika kesi ya Gillan na Quinton, serikali ikasimamisha matumizi yake Julai mwaka huo, na sheria ya 2012 ikakiondoa. Kinachoweza kukuhusu leo ni kifungu cha 43 cha sheria hiyohiyo ya 2000, ambacho kinamtaka askari akushuku kwa sababu ya msingi kwamba wewe ni gaidi. Ukimtajia 44, ataona hujui unachokisema.

Umefaulu ikiwa: unaondoka na nakala ya rekodi mkononi, au maelezo ya jinsi ya kuipata. Isipotolewa papo hapo unayo haki ya kuidai ndani ya miezi 3.

## Hatua ya 6: Linda picha zako

Mpwa wangu alikuwa na miaka 15 lilipomkuta. Mwisho wa jukwaa, upepo, injini ya Class 66 imepita na makontena yake. Askari wawili. Mmoja akamwambia, "Zifute, tumalizane." Alinionyesha baadaye jinsi alivyofanya: kidole gumba juu ya kitufe chenye alama ya pipa la taka, anabonyeza, skrini inauliza kama ana hakika, anabonyeza tena. Picha baada ya picha, kwa sababu hakukumbuka kwamba kamera ina njia ya kufuta zote kwa mara moja. Alisimama akibonyeza mbele yao mpaka ikaisha. Hakupewa karatasi yoyote.

Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwamuru vile. Askari hawana mamlaka ya kufuta picha zako wala kukulazimisha uzifute bila amri ya mahakama. Wakipekua kwa kifungu cha 43 wanaweza kutazama picha zilizomo kwenye kamera au simu, na wakiamini kwa msingi kwamba ni ushahidi wanaweza kuichukua kamera. Hata hapo, kufuta hapana. Na ikiwa picha ni ushahidi kweli, kuzifuta ni kuharibu ushahidi. Basi ukiambiwa ufute, jibu kwa upole: "Sifuti. Kama unaona kuna kosa, tafadhali niambie ni kosa gani."

Wakiichukua kamera, omba risiti inayotaja aina yake, namba yake na kadi iliyomo.

Na ikiwa umeshafuta? Usijilaumu, na usipige picha nyingine hata moja. Fanya hivi:

1. Toa kadi kwenye kamera papo hapo, weka ile ya akiba. Kufuta huondoa tu anwani ya faili. Picha yenyewe hubaki kwenye kadi mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake.
2. Nyumbani, ingiza kadi kwenye kompyuta kwa kisomeo cha kadi. Ikikuuliza kama uifomati, kataa.
3. Tumia programu ya kurejesha faili. PhotoRec ni ya bure na inafanya kazi vizuri, ingawa sura yake inatisha kidogo.
4. Ielekeze ihifadhi picha kwenye kompyuta, kamwe isiwe kwenye kadi ileile.
5. Kwa simu, angalia kwanza albamu ya vilivyofutwa karibuni. Mara nyingi hukaa humo siku 30 hivi.

Majina ya faili yatakuwa yamebadilika na baadhi ya picha zitatoka zimekatika. Tulimrudishia mpwa wangu zote isipokuwa tatu. Ile ya Class 66 ilitoka nzima.

Umefaulu ikiwa: picha ziko sehemu mbili, na kadi ya asili imewekwa kando bila kuguswa. Ni kielelezo sasa.

## Hatua ya 7: Ukikamatwa

Hii ni nadra kwa mpiga picha za treni. Lakini ikitokea, maneno yako ya saa ya kwanza yana uzito mkubwa.

Taja jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Baada ya hapo sema mambo mawili tu: unataka wakili, na unataka mzazi wako ajulishwe. Wakili wa kituo cha polisi ni bure kwa kila mtu, hata kama mzazi ana kipato kizuri. Ukiwa chini ya miaka 18 lazima awepo mtu mzima wa kukusimamia wakati wa mahojiano, mzazi, mlezi au ofisa wa ustawi wa jamii, na polisi wana wajibu wa kumpata.

Usikubali kuhojiwa "kwa haraka ili uende nyumbani." Usikubali onyo rasmi kabla ya kuongea na wakili, kwa sababu kulikubali ni kukiri kosa. Ukialikwa kwa mahojiano ya hiari siku nyingine, wakili ni bure vilevile.

Umefaulu ikiwa: hujajibu swali lolote la kesi kabla ya wakili kuketi kando yako.

## Kwa mzazi: simu ikilia

Muulize mtoto mambo matatu, kwa mpangilio huu: uko wapi, umeumia, umeambiwa uko huru kuondoka? Kisha omba kuongea na askari, umuulize jina, namba na sheria anayotumia. Andika.

Najua hasira inavyopanda. Naomba uiweke kando kwa nusu saa. Nimeona baba aliyefika akifoka, na mwanawe aliyekuwa anakaribia kuachiwa akakaa dakika arobaini zaidi. Nimeona pia mama aliyefika akaanza kumkaripia mtoto mbele ya askari: "Nilikwambia uache mambo ya treni!" Askari aliyekuwa na wasiwasi na alichokifanya akapata nafuu palepale. Mtoto hakuongea njia nzima.

Simama upande wake. Kama kuna la kumrekebisha, lifanyike nyumbani baada ya kula.

## Hatua ya 8: Andika siku hiyohiyo

Kabla ya kulala, kijana aandike kwa mkono wake, kwa mpangilio wa saa. Alisimama wapi. Nani alisema nini, kwa maneno yaleyale kadiri anavyoyakumbuka. Alikuwa amevaa nini. Nani alishuhudia. Mzazi asimsaidie kutunga. Aandike hata yale asiyojivunia, kama alijibu vibaya aseme, kwa sababu rekodi ya video itayaonyesha na maelezo yaliyoficha jambo moja hupoteza imani kwa mengine yote.

Kesho yake tuma maombi mawili ya maandishi: kwa msimamizi wa stesheni, uombe rekodi ya kamera za ulinzi zinazomwonyesha mtoto, na kwa polisi, uombe rekodi za kamera za kifuani za askari hao. Sheria ya kulinda taarifa binafsi inawapa mwezi 1 wa kujibu. Taja tarehe, saa, namba ya jukwaa, nguo alizovaa, na uambatanishe picha yake ili wamtambue. Usichelewe. Rekodi ambazo hakuna aliyeziomba hufutwa baada ya wiki chache, na hapa ndipo malalamiko mengi mazuri yanapokufa.

Umefaulu ikiwa: una maelezo yenye tarehe na sahihi, na umepata uthibitisho kwamba maombi yote mawili yamepokelewa.

## Hatua ya 9: Peleka malalamiko, ikiwa yapo

Kama askari alikuwa muungwana na alifuata utaratibu, hakuna la kulalamikia hata kama siku iliharibika. Lakini kama alimfutisha picha, alimpekua bila kutaja sheria, alikataa kutoa rekodi au alimtusi, lalamika. Asiyelalamika anamwachia mtoto wa mwenzake zamu.

Malalamiko hupelekwa kwa jeshi la polisi husika, au kupitia tovuti ya IOPC, chombo huru cha malalamiko dhidi ya polisi kilichoanza kazi Januari 2018. Fanya hivyo ndani ya miezi 12. Mzazi anaweza kuandika kwa niaba ya mtoto, na aambatanishe barua fupi ya ridhaa ya mtoto.

Andika ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: tarehe, saa, mahali, namba ya askari. Ya pili: kilichotokea. Ya tatu: kanuni iliyovunjwa, mfano "hakutaja sheria aliyotumia." Ya nne ndiyo watu huisahau, halafu wanashangaa kujibiwa kwa barua tupu: sema unataka nini. Msamaha wa maandishi? Maelezo? Askari apewe mafunzo? Taarifa za mtoto ziondolewe kwenye kumbukumbu zao? Usipotaja, watachagua wao.

Usiposikia unachoridhika nacho, barua ya uamuzi itakueleza nani wa kumwomba aupitie upya. Una siku 28 tu, kwa hiyo bahasha isikae juu ya friji.

Umefaulu ikiwa: una namba ya malalamiko, na jina la anayeyashughulikia.

## Hatua ya 10: Rudi stesheni

Ndani ya wiki mbili, rudini pamoja, jukwaa lilelile. Pitieni dawati la maelezo kwanza kama Hatua ya 2 inavyosema, ila mwache yeye aongee. Mzazi akae benchi la nyuma na gazeti lake. Mpwa wangu mara ya kwanza alishika kamera nusu saa bila kuiinua. Treni tatu zilipita. Ya nne ilikuwa ya mizigo, aliisikia kabla hatujaiona, akasogea mpaka karibu na mstari wa manjano, akatazama chini kuhakikisha miguu yake iko nyuma, akainua kamera.